Mseja wa Nazareti katika nchi ya Kinjeketile

Katika miaka ya 1960, wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa kuhusu Vita vya Majimaji walimsimulia jinsi Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alivyochukuliwa na pepo. Ilikuwa asubuhi, watu wamekaa nje wanaota jua. Ghafla wakamwona anatambaa kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, anaelekea kwenye kidimbwi. Wake zake na watoto wake wakamkimbilia, wakamshika miguu, wakavuta. Akapiga kelele kwamba wanamuumiza. Akawaponyoka, akazama. Jamaa zake wakalala ukingoni usiku kucha wakimngojea, na kesho yake akatoka na nguo kavu, akaanza kutabiri. Huo ulikuwa mwaka 1904. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Mohoro.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kwa sababu ya maji, dawa na vita vilivyofuata. Lakini kina jambo ambalo halisemwi sana: nabii wa Rufiji alikuwa baba wa familia. Mashahidi wa kwanza wa wito wake walikuwa wake zake. Wasimuliaji hawakuona haja ya kulifafanua, maana kwao lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu mzima mwenye neno la kuwaambia wenzake hutegemewa awe na mji wake, jiko lake, na watu wa kumshika miguu anapoanza kupotea.

Ukitoka Ikwiriri na kulivuka Daraja la Mkapa, mita 970 juu ya Mto Rufiji, lami ya kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara inakufikisha Nyamwage, panapochepuka njia ya Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Mohoro ya Kinjeketile iko upande wa deltani, si mbali. Huku ndoa bado ni kipimo cha mtu. Binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa, akachezwa. Kijana akishauza ufuta au korosho za msimu mmoja mzuri, wajomba huanza kumuuliza maswali. Hata mgeni haachwi. Mwalimu kijana akipangiwa shule ya huku, wazee barazani humpokea vizuri, humpa kiti, humuuliza habari za kwao, kisha swali hutua:

"Mwalimu, sasa mama tutamuona lini?"

"Bado, mzee wangu. Mipango inaendelea."

"Haya. Isiendelee sana."

Basi mtu aliyelelewa kwenye baraza kama hilo huisikiaje habari ya fundi seremala wa Nazareti ambaye, kwa hesabu ya Luka, alianza kazi yake hadharani akiwa na umri wa miaka kama thelathini, hana mke, hana mtoto, hana nyumba, anazunguka vijijini na wanaume kumi na wawili? Wazungu wameuliza swali la ndoa ya Yesu kwa hamu ya kufichua siri. Pwani ya kusini swali lina uzito mwingine. Mtu asiyejua ugomvi wa usiku, ada za shule na mkwe mkorofi, anajua nini kuhusu maisha yetu?

Rufiji na Kibiti ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo wengi humjua kwanza kama Nabii Isa bin Mariamu. Na ndani ya Uislamu jambo hili lina ladha ya pekee. Sura ya Ar-Raad, aya ya 38, inaeleza kwamba mitume waliotangulia walipewa wake na kizazi. Mtume Muhammad aliwakemea watu watatu waliotaka kuzidisha ibada, mmoja wao kwa kuacha kuoa, akawafahamisha kwamba ndoa ni sehemu ya mwenendo wake. Pamoja na hayo yote, Qurani haimtajii Isa mke. Inapotaka kuonyesha kwamba yeye na mama yake walikuwa binadamu, katika Sura ya Al-Maida, inataja jambo dogo kuliko ndoa: walikuwa wanakula chakula. Ndoa wameisogeza mbele wasimuliaji. Zipo riwaya, ambazo wajuzi wa hadithi wanazihesabu dhaifu, zinazosema kwamba Isa atakaporudi duniani ataoa na kupata watoto kabla ya kufa na kuzikwa Madina. Kwa wanaozipokea, basi, useja wa Isa ni suala la muda tu.

Inafurahisha kwamba katika mihadhara ya mlingano wa dini iliyotikisa miji ya Tanzania miaka ya 1980 na 1990, ile ya akina Musa Fundi Ngariba na Mohamed Ali Kawemba, waandishi wa kitabu *Uislamu katika Biblia* cha mwaka 1987, mada zilizowasha moto zilikuwa uungu wa Yesu, Utatu na msalaba. Kuhusu mke, shehe na mchungaji hawakuwa na cha kugombea. Wote wawili wanakubali kwamba aliondoka duniani bila kuoa.

Ushahidi wenyewe unasemaje? Injili nne hazisemi kwamba alioa, wala hazisemi kwamba hakuoa. Mwaka 1970 msomi Mmarekani, William Phipps, alichapisha kitabu akidai kwamba ukimya huo ni dalili ya ndoa: Myahudi wa wakati ule alitarajiwa kuoa, hivyo mwandishi hakuwa na sababu ya kulitaja jambo la kawaida, kama wasimuliaji wa Ngarambe wasivyofafanua kwamba Kinjeketile alikuwa na wake. Hoja ina mvuto. Ila ina tundu. Wayahudi waseja walikuwepo. Nabii Yeremia alikatazwa kuoa. Mwanahistoria Josephus, aliyeishi karne ileile ya kwanza, ameandika habari za Waeseni, jumuiya iliyokuwa na wanaume wengi wasiooa. Karne ya pili alikuwepo mwalimu wa sheria aitwaye Ben Azzai, aliyehubiri wajibu wa kuoa kwa ukali mpaka wenzake wakamkemea: mbona wewe mwenyewe huna mke? Akajibu kwamba roho yake imezama katika Torati, ulimwengu utaendelezwa na wengine. Jibu la Ben Azzai lingewachekesha wazee wa Nyamwage, lakini wangelielewa.

Anayetoa kidokezo kizuri zaidi ni Paulo, na anakitoa bila kukusudia. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, anatetea haki ya mtume kusafiri na mkewe. Anataja mifano: mitume wengine, ndugu za Bwana, Kefa, yaani Petro. Ubishi ungekwisha palepale kama angeweza kuongeza kwamba Bwana mwenyewe naye alisafiri na mkewe. Hakuongeza. Kweli, sura mbili nyuma anasifu kukaa bila ndoa na hapo pia hamtaji Yesu kama kielelezo, hivyo ukimya wake unakata kuwili. Lakini ukipima, upande wa useja unalemea. Ndivyo alivyohitimisha John Meier, padre na msomi wa Biblia, mwaka 1991, katika juzuu ya kwanza ya utafiti wake mrefu juu ya Yesu wa historia, na wengi wa fani hiyo hawako mbali naye.

Na Mariamu Magdalena? Hapa msomaji wa Pwani ana faida kuliko profesa wa Ulaya, kwa sababu anajua jinsi wanawake wanavyotajwa. Huku mwanamke ni mke wa fulani au mama fulani, na jina lake la kuzaliwa linaweza kusahauliwa mtaani. Injili nazo zinafanya hivyohivyo: kuna Yoana mke wa Kuza, msimamizi wa Herode, kuna Mariamu mama wa Yakobo, kuna Mariamu wa Klopa. Magdalena peke yake anatambulishwa kwa mji anaotoka, Magdala, na Luka anamweka miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wenyewe. Mwanamke mwenye fedha yake, asiyetajwa kwa mume wala mtoto. Angekuwa mke wa Yesu, watu wangemwita mke wa Yesu. Badala yake Papa Gregori wa Kwanza alimchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa Injili ya Luka katika mahubiri ya mwaka 591, na kwa karne nyingi Magharibi ikamjua kama kahaba aliyetubu. Mwaka 2016 Papa Fransisko alipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu kamili, sawa na za mitume.

Hadithi ya mapenzi yao imejengwa juu ya vipande. Mwaka 1945 wakulima wa Nag Hammadi, Misri, walifukua maandiko ya Kikopti, likiwemo lile liitwalo Injili ya Filipo, lililotungwa vizazi vingi baada ya matukio. Linamwita Magdalena mwenzi wa Yesu na linasema alikuwa akimbusu, lakini pale panapopaswa kutajwa mahali pa busu, karatasi imetoboka. Tundu hilo limejazwa na watu wengi. Dan Brown alilijaza mwaka 2003 kwa riwaya yake *The Da Vinci Code*, ambamo Yesu na Magdalena wana mtoto na damu yao inafichwa na wakubwa wa Kanisa.

Kisha, tarehe 18 Septemba 2012, Profesa Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alisimama kwenye mkutano wa wataalamu wa Kikopti mjini Roma akiwa na habari ya kipande cha mafunjo chenye ukubwa wa kadi ya biashara. Mstari mmoja ulionekana kumfanya Yesu aseme habari za mke wake. Magazeti ya dunia nzima yakashika moto. Wataalamu wakaanza kukagua sarufi, wakaona maneno yamenyofolewa kutoka Injili ya Tomaso, hata kosa la chapa lililokuwa kwenye nakala ya intaneti limerudiwa. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar akamfuatilia mwenye kipande hicho hadi Florida: Mjerumani, Walter Fritz, aliyewahi kusoma elimu ya Misri ya kale Berlin. King akakiri kwamba kuna uwezekano mkubwa kipande ni cha kughushi. Mafunjo yalikuwa ya zamani kweli. Wino na maneno ndiyo mapya.

Watetezi wa Yesu mwenye mke husema wanataka kumleta karibu na watu. Sijui kama wamewahi kukaa mahali ambapo ndoa ya siri ni jambo linalojulikana. Pwani tunaijua: mke wa pili wa Temeke asiyejulikana kwa mke wa Kibiti, mpaka siku ya msiba. Mume wa namna hiyo hawi karibu na watu kwa kuwa ameoa. Anakuwa mtu aliyeficha. Mke asiyetajwa na wafuasi, asiyeonekana kwenye mazishi kama mjane, asiyekabidhiwa kwa yeyote wakati mama mtu anakabidhiwa kwa mwanafunzi pale msalabani, haongezi chochote katika utu wa mumewe. Anampunguzia.

Swali zito zaidi kuhusu useja wa Yesu liliulizwa na Waafrika wenyewe, bila riwaya wala kipande cha mafunjo. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkamba wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, aliandika katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika jamii zetu kuoa na kuzaa ni wajibu wa kila mtu. Asiyeacha kizazi anakufa kabisakabisa, kwa kuwa hana wa kumkumbuka kwa jina. Sasa weka hilo pembeni ya Injili. Mtu amekufa akiwa kijana, amesulubiwa kama mhalifu, hana mtoto. Kwa vigezo vya ukoo huyo hafai hata kutajwa kwenye tambiko, sembuse kuitwa mzee wa wazee.

Aliyelikabili tatizo hilo kwa undani ni Mtanzania, Padre Charles Nyamiti wa Tabora, mwalimu wa Seminari ya Kipalapala na baadaye wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Nairobi. Mwaka 1984 alichapisha kitabu akimweleza Kristo kama mhenga wetu. Alijua kwamba mhenga wa kawaida ni baba au babu, mtu aliyezaa. Yesu hakuzaa. Njia aliyoiona ni ya kaka: katika ukoo kaka mkubwa aliyetangulia kufa naye anaweza kuwa mhenga, kwa kuwa wote wana baba mmoja, na kaka huyo anawaombea wadogo zake kwa baba. Uhenga wa Yesu basi hautokani na watoto wake, unatokana na Baba yake. Mwenzake Bénézet Bujo, mzaliwa wa Ituri mashariki mwa Kongo, alichukua njia nyingine: Yesu ni mhenga wa mwanzo, ambaye wahenga wengine wote walikuwa kivuli chake. Mtu anaweza kuona ufundi wa shule katika majibu haya, na kweli upo. Ukoo haukai ukichambua hoja za seminari kabla ya kumwaga pombe ya tambiko. Lakini hakuna mahali pengine ambapo useja wa Yesu umechukuliwa kwa uzito kiasi hicho kama tatizo la undugu. Na Nyamiti, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa padre. Alilijua swali kutoka ndani.

Mapadre wetu wote wanalijua. Tarehe 15 Agosti 1917, pale Rubya, Bukoba, walipadirishwa Waafrika wanne wa kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mpaka leo kijana wa pekee kwa mama yake akitaja seminari, kikao cha ukoo hukaa. Kanisa humjibu kwa mfano wa Yesu. Yupo aliyechoka na jibu hilo: Emmanuel Milingo wa Zambia, askofu mkuu wa zamani wa Lusaka aliyejulikana kwa kuponya na kutoa pepo, alimuoa Maria Sung wa Korea huko New York mwaka 2001, akarudi Kanisani miezi michache baadaye, kisha mwaka 2006 akatengwa kwa kuwaweka wakfu maaskofu wanne wenye wake.

Kwa upande wa pili yuko Eliud Wekesa wa Bungoma, Kenya, ajulikanaye kama Yesu wa Tongaren. Kanzu nyeupe, ndevu, wafuasi, na madai kwamba yeye ndiye. Alikamatwa Mei 2023, wakati serikali ilipokuwa ikiwasaka wahubiri baada ya maafa ya waumini waliofunga hadi kufa huko Shakahola, akaachiwa baada ya siku chache. Yesu huyu ana mke na watoto wanane, na magazeti ya Kenya yalikwenda kumhoji nyumbani kwake kijijini Lukhokwe akiwa na familia. Wakenya walimcheka kwa mambo mengi. Lakini kuwa na mke si jambo la kuchekwa. Kwa Afrika Mashariki, hata masihi wa kujitangaza akioa ameongeza heshima.

Na bado, ukisoma Injili bila haraka ya kumtafutia Yesu wa Nazareti mke, unakuta nyumba imejaa. Marko anawataja ndugu zake kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na dada zake. Kwenye harusi ya Kana, mama yake anamjia katikati ya shughuli kumnong'oneza kwamba divai imekwisha, naye Yesu anamjibu kwa ukali, na mama hajali, anawaambia watumishi wamsikilize. Aliyewahi kusimamia shughuli ambapo sahani za pilau zimeanza kupungua kabla ya wageni wa mbali kufika, atamtambua mama huyo. Yesu anakaa kwa Petro, ambako mama mkwe wa Petro ana homa. Na katika sura ya tatu ya Marko jamaa zake wanatoka kwenda kumkamata kwa nguvu, kwa kuwa wamesikia amerukwa na akili.

Hapo ndipo Nazareti na Ngarambe zinapokutana. Ndugu wamesikia mtu wao amechukuliwa na jambo wasilolielewa, na wanafanya ambacho familia yoyote hufanya: wanakwenda kumvuta. Kinjeketile alivutwa na wake na watoto, Yesu na mama na ndugu. Uchungu ni uleule. Jambo la mke limebadilisha mikono iliyoshika, halikubadilisha kushikwa.

Wala si kila mtu Rufiji ana mke au mume. Wapo wajane wa maji na wa barabara, watalaka wanaolea peke yao, wanaume waliopoteza wake kwenye uzazi na hawakuoa tena, wasichana waliopita umri unaosemwa. Baraza huwasahau linapotoa hukumu juu ya mtu asiyeoa. Kwao mseja wa Nazareti ana faida ambayo Yesu wa Tongaren hana.

Makanisa nayo hayakubaliani katika hili, na kutokubaliana kwao kunaonekana kwenye vibao vya barabara hiyohiyo ya Kilwa. Katoliki humpeleka padre asiyeoa na waumini humletea kesi za ndoa zao. Makanisa mengi ya Kipentekoste humtaka mchungaji awe na mke, kwa kufuata barua ya kwanza kwa Timotheo inayomtaka askofu awe mume wa mke mmoja, na kwa kuwa kazi ya mama mchungaji ni nusu ya kanisa: ndiye anayesikiliza mambo ambayo mwanamke hawezi kumweleza mchungaji. Kijana fundi seremala wa miaka thelathini, fasaha, ana karama ya uponyaji, hana mke, hana anwani ya kudumu, akiandika barua kuomba kusanyiko la kulea pale Ikwiriri au Nyamwage, kamati ingemsifu sana, ingempa nauli, na ingemwomba arudi akishafunga ndoa.